SOMO LA KIKUNDI: TULINDE DUKA LETU, TUJILINDE SOKONI



Mara nyingi katika masomo yetu tunazungumza juu ya kutafuta pesa: mradi gani unalipa, mkopo uombwe wapi, kuku wafugwe vipi. Leo tugeuze maneno. Tuzungumze juu ya pesa ambazo tumekwisha kuzipata, zikiwa zimekaa kwenye rafu, kwenye droo na kwenye mfuko wa mama anayekwenda sokoni, na namna zinavyotuponyoka bila sisi kujua. Somo hili linatosha mkutano wa saa mbili. Asomaye asome polepole, na wale wasiosoma waulize maswali, kwa maana wao ndio wanaojua duka kuliko karatasi hii.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Vikundi vingi vya Machakos, kuanzia Masii na Mwala hadi Kathiani, Kangundo na Yatta, havikuanza na duka. Vilianza na mwethya: watu wakachimba matuta, wakajenga bwawa la mchanga, wakasuka viondo, wakawekeana pesa za mzunguko. Baada ya miaka ndipo kukawa na kioski cha maji, mashine ya kusaga unga au duka dogo la kikundi. Kwa hiyo pakiti ya sukari iliyo kwenye rafu si sukari tu. Ni jembe la mtu, ni mgongo wa mtu.

Wazee wetu wanakumbuka njaa ya miaka ya 1980 ambayo watu wa Ukambani waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake "nakufa huku nimeshika". Pesa zilikuwa mkononi, lakini chakula cha kununua hakikupatikana. Tangu wakati huo tunajua kwamba kijiji chenye duka lililo hai kina kitu kikubwa. Duka likifa, mama atalipa nauli ya bodaboda ili anunue kilo moja ya unga, na wakati mvua imekataa nauli hiyo ndiyo chakula cha jioni.

HESABU YA PAKITI MBILI

Watu husema, "Ah, pakiti mbili tu za sukari, duka haliwezi kuanguka." Hebu tuchukue kalamu.

Tuseme duka linanunua sukari kilo moja kwa shilingi 140 na kuiuza kwa 150. Faida ni shilingi 10. Pakiti moja ikiibiwa, tumepoteza zile 140 tulizolipa. Ili tuzirudishe, tunahitaji kuuza pakiti 14 nyingine, na hizo 14 tunaziuza bure, hatupati kitu. Tunamfanyia mwizi kazi.

Sasa tutazame wiki nzima. Jumatatu asubuhi kulikuwa na pakiti 20. Katikati ya wiki tukaleta 40. Jumamosi jioni zimebaki 15. Basi zilizotoka ni 45. Kwa bei ya 150, tunatakiwa kuona shilingi 6,750. Tunafungua droo: pesa za sukari ni 5,850. Tunafungua kitabu cha madeni: watu wamekopa sukari ya 600. Jumla 6,450. Zimepungua 300, yaani pakiti mbili.

Je, faida? Pakiti 45 tulizinunua kwa 6,300. Tumepata 6,450, pamoja na yale madeni ambayo bado hatujalipwa. Faida iliyotakiwa kuwa 450 imebaki 150. Pakiti mbili kati ya 45 zimekula sehemu mbili kati ya tatu za faida yetu. Na katika hiyo 150 bado tunataka kulipa kodi ya nyumba, taa na muuzaji. Hivi ndivyo duka linavyokufa huku kila siku likionekana lina wateja. Halianguki kama mti, linaliwa kama mbao inavyoliwa na mchwa.

MILANGO MITANO YA HASARA

Tukisikia wizi tunafikiria mtu wa usiku aliyebeba chuma. Huyo yupo, lakini ni mmoja tu. Hasara ya duka huingia kwa milango mitano:

1. Mteja. Anaficha kitu ndani ya kiondo, koti au leso. Au anachanganya chenji.

2. Mtu wa ndani. Muuzaji, mweka hazina, mwanakamati anayepita na kusema, "Niandikie, nitalipa", na haandikwi.

3. Anayeleta mali. Karatasi inasema katoni 10, zilizoshushwa ni 9. Au gunia la kilo 90 lina kilo 86.

4. Kalamu. Bei imepanda lakini muuzaji anauza kwa bei ya zamani. Maziwa yameharibika hayakuandikwa. Panya wametoboa unga. Hapa hakuna mwizi, lakini pesa zimekwenda.

5. Mvunjaji wa usiku.

Tunawaomba msiruke ule mlango wa nne. Kikundi kisichojua hasara ya kalamu kitamtafuta mwizi ambaye hayupo, na mara nyingi kitampata: yule maskini kuliko wote, au yule ambaye hatumpendi.

IGIZO FUPI

Watu watatu wasimame mbele na kuigiza. Wengine watazame droo.

MTEJA WA KWANZA: Mwaitu, nipe sukari kilo moja na kiberiti. (Anatoa noti ya 1,000.)

MUUZAJI: Ni mia moja na sitini. Chenji yako hii hapa, mia nane na arobaini.

MTEJA WA PILI: (Anaingia kwa haraka.) Mama, hayo mafuta ya huko juu kabisa ni pesa ngapi? Hebu nishushie niangalie.

(Muuzaji anapanda kwenye kistuli. Droo imebaki wazi.)

MTEJA WA KWANZA: Mama, pole kukusumbua. Kumbe nina mia mbili hapa. Chukua hii, unirudishie ile elfu yangu, nisiivunje.

MUUZAJI: Haya, ngoja. (Anashuka, anampa elfu, anachukua mia mbili, anamrudishia arobaini.)

MTEJA WA PILI: Lo, bei iko juu. Nitarudi kesho.

(Wote wawili wanaondoka. Muuzaji anakaa, anahesabu, anashika kichwa.)

Sasa kikundi kiulize: pesa ngapi zimepotea? Tuhesabu pamoja. Duka lilipokea 1,000 na 200, jumla 1,200. Lilitoa 840, tena 1,000, tena 40, jumla 1,880. Zimetoka zaidi kwa 680. Ongeza sukari na kiberiti vya 160. Hasara ni shilingi 840: ile chenji ya kwanza ambayo mteja hakuirudisha. Na hakuna aliyeiba kwa nguvu, hakuna aliyevunja kitu. Walichoiba kwanza ni macho ya muuzaji.

Swali la pili ni gumu zaidi: nani alipe? Vikundi vingi hukata mshahara wa muuzaji papo hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, lakini ni kwa yule ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Kama mmemweka dada kwenye kaunta bila mkataba, bila mafunzo na bila mtu wa kumsaidia siku ya soko, basi kabla ya kumnyoshea kidole mjiulize mlimpa nini cha kujikinga nacho.

KUPANGA DUKA

Mambo mengi ya kuzuia wizi hayataki pesa. Yanataka kuhamisha vitu na kushika mazoea.

Vitu vidogo vya bei kubwa, kama betri, nyembe, sabuni za kipande, majani ya chai na kadi za simu, vikae nyuma ya muuzaji. Vitu vikubwa vya bei ndogo vinaweza kukaa mbele. Rafu ya mbele isizidi kifua cha mtu, ili muuzaji aone hadi mlangoni. Palipo na giza patiwe taa au dirisha. Pengo kwenye rafu lionekane: panga vitu kwa safu zilizo sawa, sita sita au kumi kumi, na kimoja kikitoka utajua kwa kutupa jicho tu.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kila mtu huja dukani na kiondo au mfuko wake. Ni vizuri, lakini mfuko unaofunguka katikati ya rafu unaleta maneno. Wekeni sheria moja kwa wote: mfuko unabaki kaunta. Iandikwe mlangoni. Mwenyekiti akija, wake ubaki. Katekista akija, wake ubaki. Sheria inayowashika watoto wa shule peke yao si sheria, ni dharau.

Mteja akiingia, msalimu ukimtazama usoni. "Karibu, nikusaidie nini?" Mteja mwema atafurahi, na mwenye nia mbaya atajua ameonekana. Salamu ni kufuli isiyo na bei.

Droo ifungwe kila mara, hata kama unageuka nusu dakika. Noti ya mteja usiitie ndani ya droo kabla chenji haijakamilika. Iweke juu ya kaunta, uikandamize na kitu, mhesabiane, kisha uiweke. Na mteja akianza kubadilisha maneno katikati, fanya hivi: rudisha kila kitu mwanzo. "Nipe chenji yangu yote kwanza, nami nikupe elfu yako, ndipo tuanze upya." Mtu mwaminifu hatakasirika.

Pesa zisilale dukani. Na anayezipeleka benki au kwa ajenti asiende kila siku saa ile ile kwa njia ile ile, wala asiende peke yake. Mlango wa nyuma uwe na komeo la ndani. Ukivunjiwa usiku na una mtu anayelala humo, asitoke kupigana. Apige simu na kelele. Unga utanunuliwa tena.

WIZI WA NDANI

Hapa ndipo mkutano hunyamaza. Muuzaji ni mtoto wa dada yetu. Mweka hazina ni mama wa ubatizo wa mtoto wetu. Tutamwulizaje?

Jibu letu ni kwamba hesabu si matusi. Hesabu inamlinda mwaminifu. Mtu ambaye hajawahi kuhesabiwa hana ushahidi wa uaminifu wake siku maneno yatakapotoka. Kwa hiyo tunashauri mambo haya sita, na yaandikwe kwenye katiba ya kikundi:

1. Anayeuza, anayeandika na anayetunza pesa wasiwe mtu mmoja.

2. Mali ikija, watu wawili waihesabu na kuipima kabla ya kutia sahihi karatasi ya mwenye gari. Mkiharakishwa, msitie sahihi.

3. Kila Jumamosi pigeni ile hesabu ya sukari kwa vitu vitano vinavyouzwa sana. Mwisho wa mwezi hesabuni duka zima. Wahesabuji wabadilike, muuzaji awepo, lakini asiwe ndiye anayehesabu.

4. Kitabu cha madeni kiwe na sahihi au alama ya kidole ya mkopaji, na kila mtu awe na kiwango chake. Wanakamati nao waandikwe, tena wasomwe mkutanoni kama wengine.

5. Vilivyoharibika viandikwe siku hiyo hiyo na vionyeshwe kwa mtu wa pili kabla ya kutupwa.

6. Wateja wanaolipa kwa simu walipe kwa nambari ya till iliyosajiliwa kwa ajili ya kikundi, wala si kwa simu ya muuzaji. Pesa za kikundi zikichanganyika na za mtu hata malaika hatazitenganisha.

Mjue pia sheria inavyotazama jambo hili. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, wizi wa kawaida, kifungu cha 275, adhabu yake ni hadi miaka 3 gerezani. Mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake, kifungu cha 281, ni hadi miaka 7. Sheria inaona kwamba kuvunja uaminifu ni jambo zito kuliko kuchukua tu.

NOTI BANDIA NA UJUMBE BANDIA

Noti za sasa zilitolewa mwaka 2019. Noti ya 1,000 ya zamani iliacha kutumika mwisho wa Septemba mwaka huo, kwa hiyo mtu akikuletea leo akisema aliisahau kwenye sanduku, mwambie pole. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa noti zenye mabadiliko madogo, kama sahihi na uzi wa usalama, lakini zile za 2019 bado ni pesa halali. Msikatae pesa ya mtu bure.

Kuzitambua, fanyeni mambo matatu. Ishike: maandishi mengine yameinuka, kidole kinayasikia. Inue kwenye mwanga: utaona kichwa cha simba, herufi CBK na thamani ya noti ndani ya karatasi. Iinamishe: uzi wa usalama unabadilika rangi. Wakora hupenda kuleta noti kubwa jioni, giza likiingia, wakinunua kitu cha shilingi 20.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mkora naye amejifunza. Mteja akikuonyesha simu yake na kusema, "Si unaona nimetuma?" wewe usitazame simu yake. Tazama ya duka. Ujumbe wa kweli unatoka kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Ukiwa na shaka, angalia salio. Mzigo usitoke kabla salio halijapanda.

Mtu akikupigia, "Nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie haraka, mtoto yuko hospitali", usimtumie. Mwambie apeleke ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, kampuni itashughulikia. Na anayejiita mfanyakazi wa Safaricom huku akipiga kwa nambari ya kawaida ni mwongo. Wao wamesema hupiga kwa 0722 000 000. Nambari ya mkora itume kwa 333. Nambari yako ya siri usimwambie mtu yeyote, hata mtoto wako anayekusaidia kusoma. Wamama, hapa tusikilizane: wengi wetu tunampa kijana wa ajenti simu na nambari ya siri pamoja. Ni sawa na kumpa mtu kufuli pamoja na ufunguo. Jifunzeni kubonyeza nambari hizo nne. Mwanakikundi mmoja awafundishe wengine.

TUNAPOKWENDA SOKONI

Siku ya soko, iwe Marikiti mjini Machakos au soko la karibu, watu hujazana na wachomoaji huja na gari la kwanza. Mazoea ya zamani bado ni mazuri: pesa za nauli mahali pamoja, pesa za kununua mahali pengine, zifungwe kwenye pindo la leso au mfuko wa ndani. Usitoe bunda lote ili uchague noti moja. Kiondo kikae mbele ya tumbo, si mgongoni. Ukisukumwa, au mtu akikumwagia kitu na kukupangusa kwa huruma nyingi, shika pesa zako kwanza, asante ifuate.

Mchezo wa pata potea, wa karata tatu au vifuniko, hauna bahati ndani yake. Wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Hakuna aliyewahi kujengea nyumba pesa za pata potea isipokuwa mwenye karata.

Anayetumwa Nairobi kununua mitumba Gikomba au bidhaa Muthurwa asiende peke yake. Nairobi iko umbali wa kilomita 60 na kitu, na kituo cha mabasi cha huko kinaitwa Machakos Country Bus, lakini jina lisiwadanganye mkadhani mko nyumbani. Ondokeni asubuhi, mrudi jioni mapema. Pesa nyingi zikae kwenye simu na mtoe karibu na mahali pa kununulia. Msipokee soda, biskuti wala peremende kutoka kwa abiria msiyemjua. Kuna watu wanaoweka dawa ya usingizi, na mtu huamka hana kitu. Mzigo ukiwekwa kwenye mkokoteni, mmoja wenu atembee na mkokoteni, macho kwa macho. Na mjue nani amebaki nyumbani na nambari zenu za simu, na saa ngapi ataanza kuuliza.

Jambo la mwisho la ununuzi. Ukiuziwa simu mpya ya 12,000 kwa 2,000, nyuma ya gari, bila risiti, unajua kabisa ilikotoka. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa chini ya kifungu cha 322, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Hata bila sheria, tukumbuke kwamba mwizi haibi ili aweke nyumbani. Anaiba kwa sababu mnunuzi yupo. Sisi tukiacha kununua, tumemfunga mikono bila kumgusa.

AKISHIKWA MTU

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika somo hili.

Sote tumewahi kusikia neno "Mwizi!" likipigwa sokoni. Tunajua kinachofuata: mawe, fimbo, wakati mwingine tairi na mafuta. Na mara nyingi aliyeanguka pale hakupewa nafasi ya kusema hata jina lake. Wengine hawakuwa wezi. Wengine walikuwa wameiba simu moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wapo wanaosema hii ni desturi yetu, wazee walikuwa na king'ole. Tusiwasingizie wazee. King'ole kilikuwa kwa mtu aliyeshindikana, aliyerudia maovu tena na tena. Wazee walikaa, wakapima maneno, na ndugu wa karibu wa mshtakiwa ndiye aliyetakiwa kukubali kabla ya lolote kufanywa. Hatusemi desturi hiyo irudi, la hasha. Tunasema hata wao, bila polisi na bila mahakama, hawakuruhusu hasira ya dakika tano iamue uhai wa mtu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 26, inalinda uhai wa kila mtu, na mwizi ni mtu. Anayetupa jiwe ndani ya kundi akiua, ameua. Hakuna kifungu kinachosema "tulikuwa wengi".

Basi tufanye nini? Raia anaruhusiwa na Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 34, kumshika mtu anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kwa hiyo:

1. Kama ana kisu au bunduki, mwacheni aende. Kumbukeni sura, mavazi na nambari ya pikipiki.

2. Kama hana silaha, watu wawili au watatu wamshike na kumweka ndani. Mlango ufungwe, si kwa sababu yake tu, bali kwa sababu ya kundi la nje.

3. Asipigwe, asivuliwe nguo, asipigwe picha ya kusambazwa. Mwanamke asipekuliwe na mwanamume.

4. Pigeni 999 au 112, na mumwite chifu au mwenyekiti wa Nyumba Kumi.

5. Andikisheni kituoni na mchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Bila nambari hiyo kesi yenu haina miguu.

Na ni nani wa kusimama mbele ya kundi na kusema "Hapana"? Mtu mmoja hawezi. Watu kumi wa kikundi, wakiwa wamekubaliana mapema, wanaweza. Wamama wakisimama kuzunguka mtu wakashikana mikono, mawe hukawia, na hata dakika chache hutosha kwa gari la polisi au kwa akili kurudi. Ndiyo maana tunataka mlizungumze leo, wakati hakuna aliyeshikwa na damu imetulia.

Aliyeshikwa akiwa mtoto, mambo ni mengine kabisa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imesema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kosa la jinai. Mwiteni mzazi na afisa wa watoto. Nambari 116 ni ya kusaidia watoto, na haina malipo. Mtoto anayeiba mkate saa nne asubuhi anatuambia pia kwamba hakwenda shule, na kwamba nyumbani kuna jambo.

Na akiwa mama mwenye njaa? Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, wenye maduka waliona unga ukifichwa na mikono ambayo haijawahi kuiba. Amri ya saba haijafutwa, na duka haliwezi kuwa la bure. Lakini kanisa letu limefundisha tangu zamani kwamba mtu anayekufa kwa njaa ana haki ya kupata cha kumwokoa katika mali ya dunia hii. Sisi tunaona njia moja ya kuyashika yote mawili: kikundi kiweke mfuko wa dharura, hata shilingi 10 kwa kila mwanachama kwa wiki, na muuzaji aruhusiwe kutoa pakiti moja kwa jina na kwa siri, na mfuko uilipe duka. Mwenye njaa aombe bila aibu, ili aliyebaki akiiba ajulikane kuwa ni mwizi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika ile milango mitano, ni upi ulio wazi zaidi kwetu? Tunajuaje?

2. Mara ya mwisho duka letu lilihesabiwa lini, na nani alihesabu?

3. Kuna mtu aliyewahi kutuhumiwa katika kikundi bila hesabu kupigwa? Tulimrudishia heshima yake?

4. Kelele za "Mwizi!" zikipigwa Jumamosi hii, ni kina nani kati yetu watasimama? Watajwe kwa majina.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wawili wapige hesabu ya vitu vitano kwa wiki moja na waisome mbele ya wote. Mwingine ahamishe vitu vidogo vya bei kubwa nyuma ya kaunta. Katibu aandike nambari hizi kwa herufi kubwa na kuzibandika ukutani: 999, 112, 116, nambari ya chifu na ya kituo cha polisi kilicho karibu. Na wale waliotajwa katika swali la nne wakutane wenyewe, hata kwa dakika kumi chini ya mwembe, wakubaliane nani atashika mlango, nani atapiga simu, na nani atasema na watu.